ArchiCAD kwenye Kiwanja cha Mteremko: Tathmini ya Zana ya Meshi

Mwanza haina viwanja vingi vilivyo tambarare. Kutoka ufukweni mwa Ziwa Victoria ardhi hupanda haraka kuelekea Isamilo, Igogo na Bugando, na nyumba hupenyezwa katikati ya majabali. Pamoja na hayo, michoro mingi ya nyumba za huko huandaliwa kana kwamba ardhi ni meza, na mteremko huachiwa fundi aamue mwenyewe siku ya kuchimba msingi. Mwenye nyumba huja kugundua kwamba upande wa chini msingi umekuwa mrefu kuliko chumba, na kwamba tofali, zege na nondo alizotenga kwa ajili ya kuta zimeishia chini ya jamvi, yaani sakafu ya zege. Kwa sababu hiyo, programu ya usanifu naipima kwanza kwa jinsi inavyoishughulikia ardhi. Hapa naeleza namna ArchiCAD, programu ya kampuni ya Graphisoft ya Hungaria, inavyofanya kazi hiyo kupitia zana yake ya meshi, yaani umbo la ardhi linaloundwa na nukta zenye urefu tofauti.

Nitatumia kiwanja kimoja cha Isamilo chenye upana wa mita 20 na urefu wa mita 30, ambacho kutoka mpaka wa juu hadi wa chini kinashuka mita 6.4. Huo ni mteremko wa zaidi kidogo ya asilimia 21. Si mkali kwa viwango vya Mwanza, lakini unatosha kuharibu nyumba iliyochorwa bila kuufikiria.

Kazi huanza na faili la mpima ardhi. ArchiCAD inaweza kusoma faili la maandishi lenye orodha ya nukta, kila nukta na namba zake tatu, na kuzigeuza kuwa uso wa ardhi kwa amri moja. Amri hiyo ni nzuri kweli, ila inamtaka mtumiaji aifungue orodha na kuisoma kwanza kwa macho yake. Katika UTM, mfumo wa kutaja mahali kwa mita za mashariki na kaskazini, Mwanza iko ukanda wa 36 kusini, ambako namba za mashariki zinakaribia 490,000 na za kaskazini zinazidi 9,700,000. Nukta zilizo mbali kiasi hicho na chanzo cha mchoro, yaani nukta yake ya sifuri, hufanya mistari icheze na maumbo yakatike ovyo kwenye skrini. Hivyo kila safu naipunguzia namba yake moja kamili, ileile kwa nukta zote, kabla ya kuingiza chochote, na urefu kutoka usawa wa bahari, ambao hapo unapita mita 1,150, naupunguza hadi sakafu kuu ya nyumba isomeke sifuri.

Mpangilio wa safu nao unahitaji macho. Faili la kiwanja hiki lilitanguliza namba za kaskazini, kama wapimaji wengi wanavyoandika, nami nikaliingiza nikidhani limetanguliza za mashariki. Ardhi ilitokea ikiwa safi, mteremko wake ukiwa na kiasi kilekile, wala hakuna onyo lililojitokeza, kwa kuwa kwa programu zile zilikuwa namba halali tu. Nilichora siku mbili juu yake. Ndipo nilipoona kwamba jabali kubwa, ambalo ukisimama barabarani liko kona ya kushoto, kwenye mchoro lilikuwa kulia. Kiwanja kizima kilikuwa kimegeuka kama taswira ya kwenye kioo. Tangu hapo sianzi kuchora nyumba kabla ya kutafuta vitu vitatu ninavyovifahamu kwa macho na kuhakikisha kila kimoja kiko mahali pake.

Pasipo orodha ya nukta, mwenye kiwanja huwa na mchoro wa kontua, yaani mistari inayounganisha sehemu zenye urefu sawa, na hapo kazi inakuwa ya mkono zaidi. Unachora meshi yenye mipaka ya kiwanja, unabofya kila mstari wa kontua ukiwa umeshikilia kitufe cha nafasi ili mstari huo ujisomee wenyewe, kisha unaupa urefu wake. Katika kisanduku cha kuandikia urefu kuna alama ndogo inayosema urefu huo utumike kwa nukta zote za mstari. Ukisahau kuiweka, nukta moja tu huchomoza juu kama sindano, na kontua iliyobaki hulala chini. Ukiisahau ikiwa imewekwa, pale ulipotaka kurekebisha nukta moja, mstari mzima hupanda nayo. Kwa kiwanja chenye kontua kumi na mbili, shughuli yote haizidi saa moja kwa mtu aliyeizoea.

Thamani ya zana hii huonekana zaidi wakati wa kuchimba. ArchiCAD ina amri ya kutoa umbo moja ndani ya jingine, na mojawapo ya namna zake hutoa umbo pamoja na kila kilicho juu yake. Unalaza bamba mahali jamvi litakapokaa, unaiambia programu ilitoe bamba hilo katika ardhi kuelekea juu, na ukuta wa udongo uliokatwa unabaki wazi mbele yako. Ukilishusha bamba kwa sentimita 20, shimo linafuata. Jambo la kuangalia ni unene wa meshi yenyewe: iwe na mwili unaoshuka chini ya shimo refu kuliko yote, la sivyo shimo litatoboa hadi upande wa pili na michoro ya mkato, ile inayoonyesha jengo na ardhi kana kwamba vimekatwa wima, itaonyesha nyumba inayoelea hewani.

Nyumba ya Isamilo ilikuwa na mita 12 kwa kufuata kontua na mita 9 kwa kushuka na mteremko. Nilipoikalisha yote kwenye jukwaa moja lililokatwa kikamilifu mlimani, ukuta wa udongo nyuma yake ulifikia mita 1.92, na udongo wa kuondoa ukawa takribani mita za ujazo 104. Nilipoigawa katika majukwaa mawili ya mita 4.5 kila moja, moja likiwa chini ya jingine kwa sentimita 96, udongo ulishuka hadi kama mita za ujazo 52, na mahali pa ukuta mmoja mrefu wa kuzuia udongo pakawa na kingo mbili fupi. Kati ya sebule na vyumba ziliingia ngazi zenye vipandio sita vya sentimita 16. Ili kupata ujazo huo nageuza nakala mbili za ardhi, ya kabla na ya baada ya kuchimba, kuwa maumbo huru yanayoitwa mofu, kisha jedwali la programu linanipa ujazo wa kila moja. Mkadiriaji majenzi anapewa tofauti yake, akikumbushwa kwamba udongo uliochimbwa huvimba, na kwamba unaopakiwa kwenye lori ni mwingi kuliko unaosomwa kwenye jedwali. Mwenye nyumba alikuwa ameyakataa majukwaa mawili nilipomweleza kwa maneno. Alipoona michoro miwili ya mkato ikiwa sambamba, aliyakubali siku ileile.

Ramani ya sakafu ndiyo inayodai uvumilivu. Meshi haikatwi na kimo cha mkato wa ramani (urefu ambapo programu huikata nyumba kwa mlalo ili kuchora ramani) jinsi kuta zinavyokatwa, kwa hiyo mistari ya ardhi hupita katikati ya vyumba vya ghorofa ya chini, na shimo lililochimbwa kwa amri ya kutoa umbo halionekani kwenye ramani ingawa lipo katika mwonekano wa pande tatu. Ninachofanya ni kuiweka ardhi kwenye leya yake, yaani tabaka la mchoro linaloweza kufichwa, na kuizima katika ramani za sakafu, kisha ramani ya kiwanja naitengeneza kutokana na mwonekano wa pande tatu. Vilevile kila ramani ina kimo kimoja cha mkato, na nyumba ya majukwaa mawili inahitaji viwili. Kila jukwaa nalifanya ghorofa yake, hata kama zimepishana kwa sentimita 96 tu. Orodha ya ghorofa hurefuka, lakini madirisha yanaonekana yanapostahili.

Anayetumia Revit, programu nyingine ya usanifu, atakumbuka kwamba tangu toleo la 2024 uso wa ardhi wa zamani umebadilishwa kuwa umbo lenye unene na tabaka, na kwa kazi ya kuchimba programu hizo mbili sasa zimekaribiana. SketchUp, programu nyepesi ya kuchora maumbo ya pande tatu, naipenda kwa kumwonyesha mteja wazo la haraka, si kwa michoro ya kujengea. Wanafunzi wanaweza kupata ArchiCAD bila malipo kwa leseni ya masomo, nami ningewashauri waanze na kiwanja cha kwao wanachokijua.

Meshi inajua uso tu. Jabali lililofukiwa nusu mita chini ya nyasi haliko kwenye faili lolote, na Mwanza hilo ndilo linaloamua gharama, kwa hiyo mashimo ya majaribio lazima yachimbwe. Kati ya nukta na nukta programu huunganisha kwa pembetatu zilizonyooka. Nukta za Isamilo zilipimwa kila baada ya mita 5. Fundi alipoweka mpira wa maji wa kupimia usawa kwenye kona ya chini ya jengo, ardhi ilikuwa chini ya mchoro kwa sentimita 14, kwa sababu kingo ndogo ilikuwa imepita katikati ya nukta mbili bila kuguswa. Tulimrudisha mpima ardhi akaongeza nukta tisa kuzunguka jengo, nikaziingiza kwenye meshi jioni ile, na kesho yake msingi wa kona hiyo uliongezwa kozi moja ya tofali kabla zege haijamwagwa.