Nilizitangaza betri, wakala akaandika vipuri vya umeme

Sentensi iliyonitia hasira kuliko hasara yenyewe niliambiwa kwa simu na ofisa wa kampuni ya uwakala wa mizigo niliyoilipa inihudumie: "Mteja, ujue kwamba mzigo wako ndio uliowakwamisha wenzako." Kampuni hiyo siitaji jina kwa sababu dai langu la fidia bado liko mezani kwao, lakini yaliyonipata nitayaeleza kwa faida ya yeyote anayekusudia kumkabidhi wakala mmoja shehena za aina mbalimbali akiamini kwamba anajipunguzia usumbufu.

Shehena zangu zilikuwa za aina tatu: mashine ya kufungashia iliyowekwa ndani ya kreti la mbao, vitendanishi vya maabara vinavyotakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi, na makatoni ya betri za akiba za lithiamu. Vitendanishi viliondoka kwa ndege, vilivyobaki kwa meli. Kwa kuwa betri hazikutosha kujaza kontena, ziliwekwa katika kontena la kuchangia, ambamo mizigo ya wateja wengi husafiri pamoja na, kama nilivyokuja kuona, huadhibiwa pamoja.

Betri za lithiamu-ioni zinazosafirishwa zenyewe, nje ya kifaa chochote, hutambulika kimataifa kwa namba UN3480 na zimo katika daraja la 9 la bidhaa za hatari, jambo ambalo wakala yeyote anapaswa kulifahamu kabla hajapokea hata katoni moja. Nilijaza tamko la bidhaa za hatari na kulitia saini, nikaambatisha karatasi ya taarifa za usalama pamoja na muhtasari wa majaribio ya betri, nikahakikisha kila katoni lina lebo yake, na ofisi yao ikanijibu kwa barua pepe kwamba nyaraka zote zimepokelewa na ziko sawa. Halafu, katika bandari ya kubadilishia meli, kontena likafunguliwa kwa ukaguzi, na wakaguzi wakaona lebo zinazosema jambo moja na orodha ya shehena inayosema jingine. Wakala alikuwa ameandika "vipuri vya umeme". Tamko langu halikuwamo.

Asidhani mtu kwamba huo ni ukali wa makaratasi tu. Betri ya lithiamu ikishaanza kujipasha joto yenyewe hutoa gesi zinazowaka, na moto wake unaweza kurudi baada ya kuzimwa. Ndiyo maana kanuni za IMDG za usafirishaji wa bidhaa za hatari baharini hutaka shehena kama hiyo itangazwe, ili kontena lipangwe mahali panapofaa melini na mabaharia wajue kilichomo. Aliyefuta maneno yangu na kuandika yake aliwaficha jambo hilo watu wanaolala juu ya meli hiyo.

Sasa fikirieni mtu huyohuyo, au mwenzake wa meza ya jirani, ananipigia simu kunilaumu kwa niaba ya wateja wengine. Nilipomsomea barua pepe yao wenyewe, alikaa kimya kidogo, kisha akasema kwamba "mfumo ndio ulivyojaza". Mfumo! Kana kwamba mfumo ndio uliopokea malipo yangu. Hakuomba radhi wakati huo wala baadaye.

Haki lazima itendeke, hata hivyo. Vitendanishi vilifika vikiwa na baridi yake kamili, kipimajoto kilichofungwa ndani ya boksi kikithibitisha, na walinitahadharisha mapema kwamba maboksi yale mepesi yatatozwa kwa ujazo, si kwa uzito wa mizani. Kuhusu mashine, msimamizi wa ghala lao alilikataa kreti la kwanza kwa kuwa mbao zake hazikuwa na mhuri wa kanuni ya ISPM 15 unaoonyesha kwamba zimetibiwa dhidi ya wadudu. Alipitisha kidole ubaoni, upande kwa upande, akiutafuta mhuri huo kabla ya kutikisa kichwa. Siku ile nilimwona msumbufu. Bila yeye, mashine ingeweza kuzuiliwa au hata kurudishwa ilikotoka. Ndiyo maana nilipoanza kuandika nilidhamiria kuwapa nyota tatu, na kushauri kwamba kwa mashine na mizigo ya baridi wanafaa, ila mwenye bidhaa za hatari atafute wakala mwingine.

Lakini nimeifungua tena ankara yao ili nihakikishe nisiwasingizie, na hapo hasira imenirudi upya. Gharama za hifadhi bandarini, kwa muda wote ambao kontena lilizuiliwa kwa maneno waliyoyaandika wao, zimewekwa kwa jina langu, na chini yake kuna ada ya "marekebisho ya nyaraka". Natozwa ili warudishe kwenye hati kile nilichowapa tangu mwanzo. Basi nyota tatu nazifuta. Nawaachia moja, nayo ni ya msimamizi wa ghala peke yake; ushauri wangu juu ya mashine na mizigo ya baridi nao nauondoa mpaka ankara hiyo irekebishwe kwa maandishi.