Kabla ya kuuliza bei ya Mounjaro, uliza ililala wapi

Mwezi wa pili nilinunua kalamu ya Mounjaro, sindano ya kupunguza uzito, kwa muuzaji wa mtandaoni hapa Dar. Bodaboda aliileta ikiwa imebanwa katikati ya pakiti mbili za barafu ngumu kama jiwe, boksi limelowa, linanuka samaki. Nikampigia muuzaji. "Usijali dada, ilikuwa kwenye friza, tena chini kabisa." Nikajua nimeliwa.

Dawa hizi ni peptidi, yaani vipande vidogo vya protini. Ikishaganda haitumiki tena, hata ikiyeyuka na maji yake yakaonekana safi. Kalamu ambayo haijaanza kutumika hukaa kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8, mbali na sehemu ya barafu. Watu wanaulizana kilo ngapi zimepungua; hakuna anayeuliza dawa ililala wapi.

Namba moja kwangu ni Mounjaro, na sifichi kwamba naipendelea. Matokeo ya 2025 ya jaribio lililoipambanisha ana kwa ana na semaglutide, dawa iliyomo ndani ya Ozempic na Wegovy, yalionyesha waliotumia tirzepatide, dawa iliyomo ndani yake, walipungua wastani wa asilimia 20.2 ya uzito kwa wiki 72. Wa semaglutide asilimia 13.7. Kalamu moja ina dozi nne za wiki, na ukishaianza una siku 30, mradi joto lisizidi nyuzi 30. Februari ya Dar mnaijua. Kabati la chumbani si mahali pake.

Ozempic na Wegovy, zote semaglutide, nazipa nafasi ya pili, ingawa kwa kigezo changu mwenyewe Ozempic ilitakiwa kushinda: ikishaanzwa, karatasi ya maelezo ya Ulaya inaipa wiki 6, ya Marekani siku 56. Umeme ukikatika hapo una ahueni. Ila Ozempic inaghushiwa sana. Juni 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari ya kalamu bandia zilizokutwa Brazil, Uingereza na Marekani. Saxenda, nayo sindano ya kupunguza uzito, inakuja ya tatu. Sindano kila siku, safari zote uitembeze na kibegi cha baridi? Hapana.

Vichupa vya unga vya bei chee unavyochanganya mwenyewe, AOD-9604 na wenzake, sina la kusema. AOD-9604 haijaidhinishwa kupunguza uzito. Pita.

Mounjaro, Ozempic, Wegovy na Saxenda ni za kuandikiwa na daktari; mwambie hasa kama kwenu kuna historia ya saratani ya tezi ya shingo (thyroid), au una mpango wa kushika mimba. Na misuli nayo huondoka pamoja na mafuta, kwa hiyo mayai, dagaa, maharage, na unyanyue vyuma hata kama hujisikii kula.

Sasa hili la bei. "Njoo inbox." Kwani ni siri ya jeshi? Nilimuuliza muuzaji mmoja asubuhi, jioni dada yangu akamuuliza kalamu ileile, bei ikapanda laki na nusu. Picha ya profaili ya dada yuko ndani ya gari.

Siku hizi kabla ya kutuma pesa naomba picha ya friji, mlango wazi, kipimajoto kionekane. Wa kwanza alinitumia picha ya boksi. Wa pili akanibloku. Wa tatu, mfamasia wa duka lenye leseni, alinitumia video: nyuzi 5, na hakuna samaki.