Uzoefu wangu wa kubadilisha oili ya giaboksi isiyo na kijiti kwenye Toyota Mark X

Ninaendesha Toyota Mark X ya mwaka 2007, toleo la GRX120 lenye injini ya lita 2.5 na giaboksi ya otomatiki ya gia sita. Niliiagiza Japani ikiwa imetumika, na katika karatasi zilizokuja nayo hakuna hata moja iliyoonyesha kama oili ya gia iliwahi kubadilishwa. Ukifungua boneti utatafuta kijiti cha kupimia oili hiyo usikione, kwa sababu hakipo. Giaboksi ilifungwa kiwandani ikiwa na oili aina ya Toyota WS, na mafundi wengi niliokutana nao Dar es Salaam huichukulia hali hiyo kuwa katazo la kuigusa. Mmoja aliniambia waziwazi, “Bosi, boksi hii haifunguliwi, ukiifungua umeiua.”

Nilikubali maneno hayo mpaka gari lilipofika kilomita 128,000. Asubuhi, nikitoa P (ya kuegesha) kwenda R (ya kurudi nyuma), lilikaa sekunde mbili au tatu kabla ya kushika, kisha likashtuka kama limesukumwa. Tulipokwenda Iringa na kupanda Kitonga, gia zilipanda na kushuka bila mpangilio hata nilipokanyaga mafuta kwa utulivu. Oili yoyote inayozunguka kwenye joto kwa miaka mingi huchoka, na kufungwa kwa giaboksi hakuizuii kuchoka.

Gereji ya kwanza iliyokubali kazi hiyo, ambayo sitaitaja, ilimwaga oili ya zamani, ikajaza mpya kwa pampu ya mkono, na fundi alipoona inachuruzika kwenye tundu la kupimia usawa wa oili akafunga nati na kunikabidhi funguo. Injini haikuwashwa hata mara moja. Jioni ile ile, nikipanda kilima cha Kimara, mizunguko ya injini ilipaa huku gari likisogea kwa shida. Baadaye ndipo nilipoelewa sababu: injini ikiwa imezimwa, oili ambayo pampu ya ndani ingeipeleka kwenye toki konveta (kiungo chenye oili kinachopeleka nguvu ya injini kwenye giaboksi) na njia nyingine hubaki imetuama kwenye sampu, yaani bakuli la oili chini ya boksi, kwa hiyo humwagika kupitia tundu la kupimia mapema na kumdanganya fundi kwamba boksi limejaa. Ukiwasha, usawa unashuka, na giaboksi inaanza kuvuta hewa. Gari langu lilikuwa limepungukiwa zaidi ya lita moja.

Gereji ya pili, iliyoko Tabata, ndiyo ninayoitathmini hapa, na ninaipa sifa zake zote. Fundi alianza kwa kulegeza nati ya kujazia iliyoko ubavuni mwa boksi kabla ya kugusa ile ya kumwagia. Alinieleza kwamba nati ya kujazia ikigoma kufunguka wakati oili imeshamwagwa, gari haliondoki hapo. Kisha akalipandisha kwenye lifti na kuweka pimamaji chini ya mlango, mbele na nyuma, kuhakikisha limelala sawa. Alipoteremsha sampu alinionyesha sumaku zake: zilikuwa zimefunikwa na tope laini la kijivu, ambalo ni uchakavu wa kawaida, bila vipande vya chuma, na hapo nikapumua. Alibadilisha filta na gasketi, akasafisha sumaku kwa kitambaa na petroli, akarudisha kila kitu na kujaza oili mpya.

Sehemu iliyonivutia zaidi ni upimaji. Aliunganisha mashine ya kusoma kompyuta ya gari, akawasha injini, akapitisha gia zote polepole kutoka P mpaka D (ya kwenda mbele) na kurudi, kisha akasubiri huku injini ikinguruma bila kukanyagwa mafuta mpaka joto la oili lilipokaribia nyuzi 40 za Selsiasi. Ndipo alipofungua nati ya kupimia. Oili nyekundu kama juisi ya rozela ilitoka kwa mkondo, mkondo ukawa uzi, uzi ukakatika na kuwa matone, naye akafunga papo hapo. Oili hutanuka inapopata joto, kwa hiyo anayepima boksi likiwa baridi huacha oili iliyozidi, na anayepima likiwa limechemka huacha iliyopungua.

Kila ukimwaga, kinachotoka ni karibu lita mbili na nusu tu kati ya lita kama saba, kwa sababu kiasi kikubwa hubaki ndani ya toki konveta. Tulirudia kazi mara tatu kwa Jumamosi tatu, nami nikiendesha kama kawaida katikati ya wiki, na kwa hesabu hiyo oili ya zamani iliyobaki ni kama robo. Mara ya kwanza ilitoka nyeusi kama kahawa, na mara ya tatu ilikuwa na wekundu wa kueleweka. Oili niliinunua mwenyewe Gerezani, Kariakoo, nikakagua mfuniko wa kila dumu kuona kama umewahi kufunguliwa. Nawasihi msikubali kuwekewa Dexron III wala T-IV eti kwa sababu nazo ni za otomatiki, maana WS ni nyepesi zaidi na boksi hili lilitengenezwa kwa ajili yake.

Sasa nimeshatembea kilomita 6,000. R inashika mara moja, na nilipopita tena Kitonga gari lilitulia kwenye gia moja mpaka juu. Mshtuko mdogo kati ya gia ya pili na ya tatu bado upo asubuhi boksi likiwa baridi, na fundi hakunificha kwamba huenda huo ni uchakavu ambao oili haiwezi kuurudisha nyuma. Kasoro ya gereji yenyewe ni foleni, kwani lifti ni moja na Jumamosi ya pili nilisubiri tangu saa mbili asubuhi mpaka saa nane mchana.