Tulilipia binti yetu aonekane na makocha wa vyuo, kumbe kwenye orodha hayumo

Wazazi wenzangu mlioko Maryland, hasa ninyi mliotoka nyumbani kama sisi na watoto wenu wamekolea kwenye huu mchezo wa lakrosi, naandika nikiwa bado nina hasira na sitaificha. Jina la klabu sitalitaja. Ni moja ya zile kubwa za huku upande wa Baltimore, wasichana na wavulana, timu chungu nzima, na kila mwaka wanabandika picha za watoto waliopata vyuo. Kama mna mtoto anayekaribia kuingia sekondari na mnawaza vyuo, nisikilizeni kabla hamjatoa kianzio.

Ndugu zangu wa Dar wananiuliza lakrosi ni kitu gani. Ni mchezo wa kijiti chenye wavu mwishoni, mpira mdogo mgumu, unadaka, unakimbia nao, unatupia golini. Asili yake ni Wahaudenosaunee, wenyeji wa huku Marekani na Kanada, ambao kwao ni mchezo wa ibada tangu zamani sana. Maryland ni kama dini nyingine: tangu mwaka 2004 ndiyo mchezo rasmi wa timu wa jimbo, na makao makuu ya shirikisho la Marekani yako Sparks, karibu na tunapoishi. Binti yangu alianzia shuleni, vijiti vya kuazima. Ni kiungo, na kazi yake kubwa ni ule mchuano wa kuanzisha mchezo katikati ya uwanja. Wasichana wawili wanasimama uso kwa uso, vijiti vimelazwa, mpira umebanwa katikati ya migongo ya vijiti, firimbi inalia, kila mmoja anauvuta juu upande wake. Anayeupata, timu yake inashambulia. Binti yangu anaupata. Simsifii kwa sababu ni wangu, hata makocha wa timu pinzani wananiambia.

Ndiyo maana tulikwenda klabu kubwa. Kwenye kikao cha wazazi walituambia wazi kwamba mtoto akicheza shuleni tu, kocha wa chuo hatamwona, kwa sababu makocha wa vyuo wakati wa ligi za shule na wao wako kwenye ligi zao. Wanakuja kuangalia kwenye mashindano ya klabu, kiangazi na Novemba. Hilo ni kweli kabisa, wala sina ugomvi nalo. Ukumbini palikuwa na nembo za vyuo ukuta mzima, na mkurugenzi wao wa mambo ya vyuo akasema neno ambalo baba yake binti bado analirudia: kazi yenu ni kumleta mwanenu uwanjani, kazi yetu ni kuhakikisha anaonekana. Tukalipa. Ni maelfu ya dola kwa mwaka, bado hujaingiza hoteli, na hoteli zenyewe mashindano mengine wanakulazimisha upange kupitia kwao, kwa bei yao, la sivyo timu haichezi.

Sasa niwaambie kilichotokea Novemba iliyopita.

Mashindano yalikuwa Delaware. Baridi, nyasi zimelowa, viwanja vimepangana hadi unachoka kutembea. Kila mashindano makocha wa vyuo wanapewa orodha, siku hizi iko kwenye simu: namba ya jezi, jina, nafasi, shule, mwaka wa kuhitimu, alama za darasani, barua pepe. Kocha anaona mtoto aliyemvutia, anatafuta namba, anapata jina, anaweka alama. Kazi yote ya siku iko hapo. Bila hiyo orodha, uwanjani kuna namba tu zinazokimbia.

Nilikuwa nimesimama nyuma kidogo ya wanawake wawili wenye makoti ya chuo, wamekaa kwenye viti vya kukunja. Chuo chenyewe kiko kwenye daftari la binti yangu la vyuo anavyovitamani, ukurasa wa kwanza. Kipindi cha kwanza kizima binti alikuwa anavuta mipira kama hana mpinzani. Akauvuta mmoja, akaudaka mwenyewe hewani, akapita wawili, akatoa pasi, goli. Yule wa kulia akainuka kwenye kiti. Akauliza, "Nani huyu arobaini na moja?" Mwenzake akashuka na kidole kwenye simu. "Hayumo." "Angalia vizuri." Akapanda, akashuka tena. Mimi pale roho iko mkononi. Akasema, "Hayumo kabisa. Atakuwa wa kuazimwa." Wa kulia akakaa. Baada ya muda mfupi wakakunja viti vyao wakaenda uwanja mwingine.

Mtaniuliza kwa nini sikusema. Kwa sababu sheria ninaijua. Tangu Aprili 2017 NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani, walipobadilisha kanuni, kocha wa lakrosi wa Divisheni ya Kwanza, yaani ngazi ya juu kabisa, haruhusiwi kuzungumza habari za usajili na mtoto wala mzazi wake mpaka Septemba mosi ya mwaka anaoingia darasa la kumi na moja. Ni sheria nzuri, makocha wenyewe waliiomba, maana ilifikia watoto wa darasa la nane wanaahidi vyuo. Binti yangu yuko la kumi. Ningemgusa yule mama begani nikamwambia "huyo ni wangu", ningemweka yeye mahali pabaya na mwanangu pia. Kwa hiyo nilinyamaza, nikaangalia migongo yao inaondoka. Mtu ambaye hajalipia kitu hicho hatanielewa.

Namba iliharibikaje? Septemba binti alipewa jezi namba 14, ikawa ndogo, mabega hayaingii. Klabu wenyewe wakambadilishia, wakampa 41. Wao ndio walionunua, wao ndio waliogawa, wao ndio wanaotuma orodha. Hakuna aliyeirekebisha. Kwenye orodha alibaki 14, na uwanjani hapakuwa na mtu yeyote aliyevaa 14.

Nikamtafuta mkurugenzi. Nikamkuta amekaa kwenye kigari cha gofu anapiga soga. Nikamsalimu kwa adabu, nikamweleza. Akasema orodha zinatumwa Septemba, kubadilisha ni kazi. Nikamwambia jezi mmebadilisha ninyi. Akanijibu, "Kama ni mzuri watamwona tu." Na akamtaja binti yangu kwa jina la msichana mwingine, mweusi mwenzake kwenye timu. Misimu miwili tuko hapo! Nikamsahihisha. Hakuomba radhi. Akaniuliza, "Ninyi mnatoka wapi?" Tanzania. "Aa, jirani na Kenya. Hajajaribu mbio ndefu? Huko ndiko kwenye pesa kwa watoto wenu."

Watoto wenu.

Sikumtukana, Mungu ni shahidi. Nilimwambia binti yangu ni kiungo, ndicho tulichomlipa yeye, na orodha irekebishwe kabla ya mechi ya mchana. Akasema ataona. Mchana orodha ilikuwa vilevile. Nilichukua karatasi nikaandika jina, namba, nafasi na mwaka, nikaipeleka meza ya waandaaji. Kijana wa pale, mtu wa kujitolea tu, akairekebisha kwenye mfumo wao nikiwa nimesimama mbele yake. Haikuchukua muda hata chai ipoe. Hapo ndipo hasira ilipopanda kweli, nilipoona udogo wa kazi yenyewe.

Halafu hiyo habari ya mbio. Mimi nawaheshimu wakimbiaji wetu, nani asiyewaheshimu. Lakini mtu anayeishi kwa lakrosi hajui kwamba Uganda walicheza mashindano ya dunia ya wanaume Denver mwaka 2014, taifa la kwanza la Afrika kufika pale? Hapo hapo Baltimore, chuo cha Morgan State kilikuwa na timu ya vijana weusi miaka ya sabini, na mwaka 1975 wakawafunga chuo cha Washington and Lee. Baba wa Kyle Harrison alitoka kwenye timu hiyo, na mwanawe akachukua Tewaaraton, tuzo ya mchezaji bora wa lakrosi wa vyuo, mwaka 2005 akichezea Johns Hopkins. Hii ni historia ya mtaa wake huyo bwana. Mtoto wangu hajaja kwenye mchezo huu kwa bahati mbaya.

Hata hivyo lazima nitende haki. Makocha wa uwanjani wa klabu hii ni wazuri, tena wazuri sana. Kuna dada mmoja kijana, amecheza chuo mwenyewe, ndiye anayefundisha ule mchuano wa katikati. Jioni za mvua wengine wakishaondoka, yeye anabaki na binti yangu, anamshika kifundo cha mkono wa chini, anamwonyesha: siyo bega, ni hapa, geuza hapa. Taa za uwanja zikizimwa wanamalizia kwa taa za gari lake. Hajawahi kudai senti. Kama ningempa alama yeye peke yake, zingekuwa zote. Kwa mtoto wa darasa la tano mpaka la nane anayetaka kujua mchezo, ningesema nendeni pale bila wasiwasi.

Nimeandika hivyo, sasa nasita. Maana hata huko kwa wadogo bosi ni yule yule, na kinachouzwa tangu siku ya kwanza ni vyuo. Mzazi wa mtoto wa miaka kumi anaonyeshwa nembo za Duke na Princeton ukutani. Hakuna anayemwambia kwamba Princeton na wenzake wote wa Ivy League, kile kikundi cha vyuo vinane vya zamani vyenye sifa, hawatoi udhamini wa michezo hata dola moja, wala vyuo vya Divisheni ya Tatu. Hakuna anayemwambia kwamba kwa miaka mingi timu nzima ya wanawake ya Divisheni ya Kwanza ilikuwa na udhamini kamili usiozidi 12, unagawanywa vipande vipande kwa wasichana thelathini na zaidi. Baada ya makubaliano ya mahakamani ya mwaka 2025 kati ya NCAA na wachezaji, kikomo hicho kimeondolewa kwa vyuo vilivyojiunga na makubaliano hayo, badala yake kuna kikomo cha wachezaji 38, na kila chuo kinaamua kitatoa pesa ngapi. Faida kubwa kwa familia kama yetu mara nyingi ni kocha kumpigia debe mtoto akubaliwe kwenye chuo ambacho kwa alama peke yake angeweza kukwama, halafu msaada wa fedha unakuja kwa kipato cha familia. Hilo ni jambo kubwa, na linategemea kocha kumjua mtoto kwa jina. Kwa jina! Tunarudi kwenye orodha.

Mama mmoja wa Nairobi, kijana wake yuko klabu ndogo upande wa Columbia, nilipomsimulia alishangaa. Kwao, siku mbili kabla ya kila mashindano, kila mzazi anatumiwa mstari wa mtoto wake: jina, namba, mwaka, alama, barua pepe. Ukijibu "sawa" ndipo inatumwa. Klabu ile haina ukuta wa nembo. Ina meneja mmoja mwenye kompyuta.

Jumapili ile usiku, tuliporudi, binti aliandika barua pepe mwenyewe kwa kocha wa kile chuo. Mtoto anaruhusiwa kuandika wakati wowote, ni kocha ndiye asiyeweza kumjibu mapema. Akaeleza kwamba yeye ndiye arobaini na moja wa mechi ile, akaambatanisha video fupi aliyopiga baba yake, vuta tatu na ile pasi ya goli. Tangu siku hiyo anaandika kabla ya kila mashindano, namba na ratiba. Sasa niulize: kama mtoto anaandika mwenyewe, baba anapiga video mwenyewe, mama anarekebisha orodha mezani mwenyewe, zile dola tulizolipia "kuonekana" zimefanya nini? Nilianza kuandika haya nikiwa na nia ya kusema klabu ina kasoro lakini inafaa. Haifai. Kwa mtoto anayetafuta chuo, haifai, na wema wa yule dada hauwezi kufunika.

Ila msinielewe kwamba timu kubwa zote ni hivi. Mkienda kwenye kikao cha wazazi, msiishie kwenye habari za waliopata vyuo, muulize kama walilelewa hapo au walikuja mwaka wa mwisho wakiwa tayari wanajulikana. Muulize nani anatuma orodha, lini, na kama mzazi anaiona kabla. Angalieni uso wa anayejibu. Anayeijua kazi hii atawajibu papo hapo.

Majaribio ya klabu nyingi ni mwisho wa kiangazi na kianzio hakirudishwi. Binti anataka kubaki kwa ajili ya kocha wake, baba yake yuko upande wake, mimi nataka tuondoke, na nyumbani hatujaelewana. Mwenye klabu aliyoiona kwa macho yake, kati ya Baltimore na Silver Spring, wasichana wa sekondari, na inayowaonyesha wazazi orodha kabla haijatumwa, tafadhali aniambie.