Betri ya pili kwenye gari la kulala: ya asidi au ya lithiamu?

Friji ya volti 12 inayovuta ampea 4, ikizunguka nusu ya muda wakati wa joto, hula takriban Ah (ampea-saa) 48 kwa siku. Betri ya asidi ya Ah 100 haifai kushushwa chini ya nusu, kwa hiyo siku moja tu imekwisha. Ukiizoesha kwenda chini zaidi, sahani zake za risasi hushika salfeti na uwezo haurudi. Lithiamu (LiFePO4) ya Ah 100 hutoa 80 hadi 90, na ina kilo 12 hivi dhidi ya karibu 30.

Kinachowaponza wengi ni kuichaji. Ya asidi huungwa na alteneta (jenereta ya injini) kwa rilei tu, yaani swichi ya umeme, basi. Lithiamu ukiiunga hivyo hunyonya mkondo mkubwa mfululizo hadi alteneta iungue, hasa gari likinguruma limesimama. Weka chaja ya DC-DC (inayodhibiti mkondo kutoka alteneta) ya ampea 30, waya wa milimita za mraba 16, na fyuzi ya ampea 60 jirani kabisa na kila betri.

Chini ya nyuzi 0 lithiamu haichajiwi. Ya asidi huchajiwa, ila polepole.

Safari za wikendi? Asidi yatosha, na ni rahisi kununua.