Chupa za kizibo cha waya kwa kombucha yenye kilevi: uzoefu wangu

Natengeneza kombucha (chai ya sukari iliyochachushwa) yenye kilevi nyumbani, Dar es Salaam, na sasa naihifadhi kwenye chupa za kioo kinene zenye kizibo cha kubana kwa waya. Nazipendekeza, ila kwa masharti.

Kombucha ya kawaida ina kilevi kidogo sana. Marekani, ikiwa chini ya asilimia 0.5 haihesabiwi kuwa pombe. Hii nyingine huongezewa sukari na chachu ya mvinyo, ikafika asilimia 4 hadi 7 hivi. Na chachu hailali. Mwaka 2010 maduka ya Whole Foods huko Marekani yaliondoa kombucha kwenye rafu kwa hofu kwamba kilevi kilikuwa kinapanda ndani ya chupa zilizokwisha kufungwa. Sasa fikiria joto letu la Januari.

Ukiiacha wazi, bakteria hupata hewa na kugeuza pombe kuwa siki. Ukiifunga, gesi inajaa. Wauza mnazi wanalijua hili, ndiyo maana dumu halikazwi kifuniko. Lakini mnazi unanyweka siku hiyohiyo. Kombucha ninataka ikae, kwa hiyo chupa lazima ihimili.

Chukua za mviringo. Zile za pembe nne zinapendeza mezani, ila zina udhaifu kwenye kona, na nyingi zimetengenezwa kwa ajili ya mafuta au mapambo tu. Usijaze mpaka mdomoni, acha nafasi ya vidole viwili. Kila ninapojaza, kinywaji hichohicho nakitia pia kwenye chupa moja ya plastiki ya soda. Hiyo ndiyo kipimo changu: naibinya kila asubuhi, na ikiwa ngumu kiasi kwamba kidole hakizami, chupa zote zinaingia kwenye friji saa hiyohiyo. Zikiwa bado nje zinakaa ndani ya kreti iliyofunikwa taulo zito, mbali na dirisha.

Friji iwe nyuzi 4 hivi, na chupa zikae ndani kabisa, siyo mlangoni. Baridi haiui chachu, inaipunguzia kasi tu. Umeme ukikatika muda mrefu, chachu inaamka. Hapo sifungui chupa ikiwa na joto. Nasubiri ipoe tena, kisha naifungulia kwenye sinki, kitambaa juu ya kizibo, uso pembeni.

Kwa wenye watoto: rangi yake ni ya juisi kabisa. Andika POMBE kwa maandishi makubwa, uweke rafu ya juu.

Kasoro ya chupa hizi ni mpira wa kizibo. Asidi na joto vinaukausha, unapasuka nyufa ndogo, kisha gesi inavuja na ladha inakuwa ya siki. Mipira ya akiba ni shida kuipata mtaani, kwa hiyo muulize muuzaji kama anayo kabla hujalipia.