Kesi ya kumwibia mwajiri: upigane ama ukubaliane na upande wa mashtaka?

Hapa Kisumu hii maneno haiishi. Keshia wa hadwea, hesabu imekataa, sasa ameshtakiwa chini ya kifungu 281 cha sheria ya adhabu, ambacho kinaweza kukupea mpaka miaka 7 wakati wizi wa kawaida ni 3.

Kwa gharama makubaliano (unakiri kosa, nao wanakupunguzia shtaka ama adhabu) ni nafuu, kesi haivutwi, ingawa mara nyingi utaambiwa urudishe pesa. Kupigana ni wakili kila kikao, nauli ya kutoka Ahero, shahidi hajakuja, kesi imesongeshwa, na bado hauna kazi.

Lakini kama ushahidi ni mwepesi mimi ningepigana, juu serikali lazima ionyeshe ni wewe ulichukua na ulikusudia, si eti stoku imepungua tu. Watu wanne wakitumia paswadi moja ya kompyuta ya kaunta, wakili mjanja atakaa hapo siku nzima. Itisha ushahidi wao mapema, ni haki yako kwa Kifungu 50 cha Katiba. Sasa kama M-Pesa inaonyesha pesa za wateja ziliingia laini yako, aki ongea na prosekyuta mapema, na iwe kwa maandishi, sio kukiri tu kizimbani ukitarajia huruma.

Shida ya kukubali ni rekodi: umepatikana na hatia, na rufaa inabaki ya adhabu tu. Karani wa sacco, hiyo rekodi itamuumiza kuliko mtu anaenda kufungua kibanda chake Kondele.